Kujifunza Uongozi Katika Kuwajengea Wengine

Ndugu zetu Waislamu, tangu vijana wa darsa yetu wajitolee kuwakandikia wajane na maskini nyumba zao kabla ya masika, tumesikia neno likisemwa mabarazani: ya kuwa si stahiki ya mtoto wa ukoo fulani kubeba karai la udongo mbele za watu, na ya kuwa kazi hiyo ina wenyewe. Neno hili halifai kunyamaziwa, kwani ndani yake mna swali la nani afaaye kutuongoza.

Na tutazame yaliyotendeka Madina mwaka 622. Mtume s.a.w. alipofika alichagua uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kuutoa bure. Hakukubali ila kuununua. Basi kazi ya kheri haimwondolei mnyonge haki yake, hata akiiacha kwa ridhaa. Kisha mitende iliyokuwamo ikakatwa, kuta zikasimamishwa kwa matofali ya udongo, nguzo zikawa magogo ya mitende, na paa likaezekwa kwa makuti yake. Jengo la namna hiyo sisi watu wa pwani twalijua vyema. Ndani ya msikiti huo baadaye palikuwa na Suffa, kivuli walichokaa maskini wasio na jamaa wala nyumba.

Mtume s.a.w. hakukaa pembeni akitoa amri. Alichukua matofali pamoja na Masahaba, naye wakati huo ni mgeni nyumbani kwa Abu Ayyub, hana hata chumba chake. Ammar bin Yasir, ambaye mamaye alikuwa mjakazi Makka, alichukua mawili mawili ilhali wenziwe wakichukua moja moja.

Lakini lililo zito zaidi kwetu ni habari ya Talq bin Ali. Huyu alikuwa mgeni kutoka Yamama, mtu wa Banu Hanifa, si Mkureshi wala si Ansari, naye alikuwa hodari wa kukoroga udongo. Alipouliza kama achukue matofali kama wenziwe, Mtume s.a.w. alimwambia la, akoroge udongo, kwa kuwa yeye ndiye aujuaye zaidi. Tafakarini maana yake. Katika jambo la udongo mgeni ndiye aliyetangulizwa, na watukufu wa Makka na Madina wakaufanyia kazi udongo wake. Kumtambua ajuaye na kumwachia alijualo ndiyo nusu ya uongozi, na ndiyo nusu tuliyoipoteza. Kamati zetu ngapi zimevunjika kwa kugombania kiti, nacho kikapewa mtu kwa jina la babaye!

Penye nyumba ya mjane mambo ni mengine. Kijana aliyesoma humwambia fundi mwashi kwamba ukuta umenyoka. Fundi hutia timazi, ukuta ukaonekana umepinda. Timazi haimjui baba yake. Hujifunza pia kuwahi, kwani wakorogaji wakichelewa wakandikaji hukaa bure. Hukabidhiwa misumari na boriti zilizonunuliwa kwa sadaka za watu, na jioni hudaiwa hesabu ya kila kilichobaki. Tena hujifunza kuuliza. Vijana hupenda mlango uelekee njiani ili kazi yao ionekane. Mwenye nyumba huenda akautaka uelekee uani, kwa sitara yake. Nyumba ni yake, si yao.

Wako wasemao kwamba uongozi ni elimu, si nguvu za mikono. Hatukatai kwamba elimu ni ya kwanza. Ila aliyesoma mlango wa amana kitabuni, wala hajapata kushika hata misumari ya mtu mwingine, bado hajajua kama amana ataiweza.

Sayyidna Umar, katika ukhalifa wake (634–644), alipoamrisha msikiti uleule ujengwe upya, aliagiza watu wasitiriwe na mvua, akakataza rangi nyekundu na ya manjano zisije zikawashughulisha. Aliyekuwa akitawala nchi kubwa alijua jengo ni la nini. Hapa petu wako wafadhili watakao majina yao yaandikwe ukutani kabla paa halijaezekwa, na wako watumiao katika harusi ya siku tatu fedha ambazo zingaliezeka nyumba kadha wa kadha. Hao hatuwasikii wakilaumiwa mabarazani kama walaumiwavyo hawa wenye udongo miguuni.

Mawingu yameanza kutanda na nyumba zingali zimebaki. Kazi huanza Jumapili baada ya Sala ya Alfajiri. Mwenye jembe au karai na aje nalo; asiye nalo fundi atampa la kufanya, naye amtii.