Kobe na Jua

Mtoto mmoja wa Mwananyamala alifuga kobe sandukuni, nyuma ya kioo cha dirisha, akimlisha ugali mtupu. Baada ya miezi kadha gamba likawa laini, na miguu ikashindwa kuuchukua mwili. Sababu ni nini? Ndani ya gamba mna mfupa, nao hujengwa kwa madini ya chokaa. Lakini madini hayo hayaingii vema mwilini pasipo vitamini D, ambayo ngozi huifanya ipigwapo na jua. Na kioo huzuia mionzi ifanyayo kazi hiyo.

Basi babu yake akamhamishia kobe uani, penye jua na kivuli, akampa majani mabichi na unga wa maganda ya mayai. Chokaa ya kupakia kuta hakumpa, maana huunguza. Gamba likakaza, ila lililokwisha kupindika halikunyoka tena.