SOMO LA MWEZI: MCHEZAJI WA DARAJA LA NNE
(Someni kwanza Matendo ya Mitume 16:6-10)



Mwezi huu tunamtazama mtu aliyecheza mpira wa miguu kule Uingereza bila kuwa nyota. Vijana wetu wanayajua majina ya wachezaji wakubwa kuliko wanavyoyajua majina ya Mitume, nasi hatuwalaumu sana. Lakini wakubwa hao ni wachache. Katika miaka ya 1980 ligi ya Uingereza ilikuwa na klabu 92 katika madaraja manne, na wachezaji wengi wa madaraja ya chini walikuwa kama vibarua: leo mkataba mfupi hapa, kesho mji mwingine, na vyombo vinafungashwa tena.

Alan Comfort alizaliwa Aldershot mwaka 1964, akawa winga wa kushoto. Alianza ujanani na klabu ya Queen's Park Rangers ya London, lakini hakupata kuichezea hata mechi moja ya ligi. Mzazi anayedhani kwamba mtoto akichukuliwa na klabu kubwa basi amekwisha kufika, na aisome tena sentensi hiyo. Mwaka 1984 akaenda Cambridge United, na huko alikuta msiba. Msimu wa 1984/85, katika daraja la tatu, timu ile ilicheza mechi 46, ikashindwa 33, ikashinda 4 tu. Ikashuka daraja la nne, na huko nako ikamaliza karibu na mkia. Fikirini kijana wa miaka ishirini anayefunga viatu kila Jumamosi akijua kwamba huenda watafungwa tena, na watazamaji wao wenyewe watawazomea. Kufanya kazi kwa bidii mahali penye ushindi si jambo gumu.

Mwaka 1986 alihamia Orient, mashariki mwa London, daraja lile lile la nne. Huko alikaa misimu mitatu na kufunga magoli zaidi ya 40. Tarehe 3 Juni 1989 timu yake ilicheza na Wrexham mechi ya marudiano ya kuwania kupanda daraja. Ile ya kwanza ilikuwa sare bila goli. Leyton Orient, kama ilivyokuwa ikiitwa tena wakati huo, ilishinda 2-1. Siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya harusi yake, tena ng'ambo ya bahari, Ireland ya Kaskazini! Akaondoka kwa helikopta ili aiwahi. (Akina mama watatuuliza ni nani aliyepanga tarehe ile. Wachezaji hawakujua mapema kama wangefika fainali.)

Baada ya hapo alinunuliwa na Middlesbrough ya daraja la pili. Hatimaye alikuwa amepanda. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, wakicheza huko Newcastle, goti lake liliumia vibaya, wala hakurudi tena kucheza ligi. Alikuwa na miaka 24, na harusi yake ilikuwa na miezi mitano tu.

Hapa tuende polepole. Comfort alikuwa amekwisha kumwamini Kristo alipokuwa mchezaji, na baada ya kuumia alisomea theolojia, akawekewa mikono katika Kanisa la Uingereza. Basi wengine hukimbilia kusema, “Mungu alimvunja goti ili ampate padre.” Sisi hatusemi hivyo. Luka anaandika wazi kwamba Roho aliwazuia Paulo na wenzake wasiingie Bithinia. Kuhusu goti lile hatukuandikiwa neno. Tunaloliona katika sura ile ni kwamba Paulo, njia ilipofungwa, hakukaa kuulilia mlango. Aliteremka mpaka Troa, na Troa ndiko alikoona maono ya mtu wa Makedonia. Maneno ya kufariji yanayomfanya Mungu mvunja mifupa yamewaumiza wagonjwa wengi katika parokia zetu, tena yakisemwa na watu wema kabisa wenye nia ya kuwasaidia.

Comfort alihudumu kama kasisi wa parokia, na pia kwa miaka mingi kama kasisi wa klabu ya Leyton Orient. Kasisi wa klabu hapangi timu wala haombei magoli. Huwatembelea majeruhi, na huketi na kijana aliyeambiwa kwamba hahitajiki tena. Kwa kazi hiyo, ile miaka ya QPR bila mechi na zile Jumamosi za Cambridge zilimfaa kuliko shahada.

Kwa wanaokutana katika vikundi vya nyumbani, tunapendekeza swali moja tu, nalo lijibiwe kwa majina ya watu wa mtaa wenu: ni nani kati yetu ambaye kazi yake ilikatika kabla ya wakati, na tangu siku ile ni nani aliyekwenda kuketi naye?