Rimoti ya Kompyuta ya Sinema

Nyumba nyingine za Kinondoni na Temeke hutazama sinema kwa kompyuta iliyoungwa na televisheni. Mzazi atakaye rimoti ya bei nafuu na ajue kwanza kuwa ziko za namna mbili. Moja hupeleka mwanga usioonekana kwa macho. Kompyuta nyingi hazina jicho la kuupokea. Ukinunua rimoti peke yake bila kipokezi cha kuchomeka, fedha zako zimepotea. Nyingine hutumia mawimbi ya redio, na kwa kawaida huuzwa pamoja na kipokezi chake.

Basi, uwapo dukani Kariakoo, uliza: kipokezi ki wapi? Kisha elekeza rimoti ya mwanga kwenye kamera ya simu, ubonyeze kitufe. Ikiwa nzima, kamera nyingi huonyesha nuru yake. Rahisi inavunja upishi.