«Nilimpenda»: nani? Kiambishi -m- na siri ya afisa Erich

Katika semina yetu ya tafsiri nilipewa kurasa chache za Le Coup de grâce, riwaya fupi ya Marguerite Yourcenar iliyotoka mwaka 1939, nizitie katika Kiswahili. Niliziona nyepesi. Nilipoisoma tafsiri yangu mbele ya wenzangu, darasa zima lilielewa kwamba afisa Erich anampenda msichana Sophie. Sarufi yangu haikuwa na kosa, lakini nilikuwa nimepotosha kitabu. Naeleza hapa kilichonipata, ili kimsaidie atakayetafsiri baada yangu.

Tuanze na kisa. Ni baada ya mapinduzi ya Urusi, katika nchi za Baltiki, ambako vikosi vya kujitolea vinapigana na Wabolsheviki. Erich von Lhomond anakaa na wanajeshi wenzake Kratovicé, nyumbani kwa Conrad, rafiki yake tangu ujana na sasa mwenzake vitani. Sophie, dada yake Conrad, anampenda Erich bila kuficha. Erich anamkataa, na kila mara ana sababu mpya. Sababu iliyo chini ya zote ni Conrad. Miaka mingi baadaye, akiwa amejeruhiwa katika vita vya Hispania, Erich mwenyewe anasimulia mambo hayo katika stesheni ya Pisa. Hata hapo hatamki wazi. Si ajabu: tangu mwaka 1871 kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kiliadhibu mahusiano kama hayo kati ya wanaume, na kwa afisa aibu mbele ya kikosi iliongezeka juu ya hofu ya sheria.

Sasa tutazame lugha. Mifano hii nimeitunga mwenyewe. Kifaransa kikisema «je l'aimais», hatujui kama mpendwa ni mume au mke. Kikisema «j'étais revenu pour lui», tumejua. Kikiandika «je l'ai aimé» bila e ya mwisho, tumejua tena. Kwa hiyo msimulizi wa Kifaransa anaweza kuficha kwa sentensi moja, lakini sentensi ya pili itamfichua. Kiswahili hakina mtego huo. «Nilimpenda», «nilirudi kwa ajili yake», «yeye hakujua»: katika nyumba yenye Conrad na Sophie, kila sentensi inawafaa wote wawili. Na kwa kuwa wasomaji wengi hutazamia mwanamume ampende mwanamke, watachagua Sophie bila kujua kwamba wamechagua. Ndivyo darasa letu lilivyofanya.

Nikajiuliza: je, si vizuri? Siri imefichwa vizuri zaidi! Hapana. Erich anaficha kama mtu anayetembea karibu na shimo. Sisi tunaona shimo kwa jinsi anavyolizunguka. Tafsiri yangu ilikuwa imelifukia. Katika dibaji aliyoiongeza baadaye, Yourcenar anamtaka msomaji asimwamini Erich neno kwa neno, bali ayasahihishe maelezo yake. Msomaji atasahihisha nini, ikiwa mtafsiri amemfutia alama?

Tatizo la pili ni neno «camarade». «Komredi» haliwezekani: hilo ni neno la maadui wa Erich. «Ndugu» linaleta vurugu, maana Conrad ana ndugu wa kweli, na ndiye Sophie. Nilichagua «mwenzangu». Askari humwita hivyo yeyote aliye kando yake, lakini neno lenyewe linatoka katika «mwenzi», ambalo pia ni mke au mume. Hapo Kiswahili kinampa Erich neno analoweza kulitamka mbele ya kikosi kizima bila mtu kugeuka.

Mwenzetu mmoja alishauri tuandike «urafiki» kila mahali, tusije tukawakwaza wasomaji. Nilimjibu kwa kumkumbusha mwisho wa kitabu. Sophie anaambiwa ukweli na afisa mwingine. Anaondoka, anajiunga na Wabolsheviki, anakamatwa, na anaomba apigwe risasi na Erich mwenyewe. Erich anampiga. Tukiweka urafiki tu, Sophie anakuwa msichana mwenye wazimu aliyekufa kwa kukataliwa. Tukiacha siri isomeke, tunaona mtu aliyeficha moyo wake mpaka mwingine akaulipia. Anayeumizwa na neno letu la adabu ni Sophie, naye hawezi tena kujitetea.

Kwa hiyo napendekeza kanuni moja. Pale ambapo Kifaransa kinaficha, tuache -m- na -ake vifanye kazi yao. Pale ambapo «lui», «il» au upatanisho wa kitenzi unamfichua Erich, tutaje jina: «nilirudi kwa ajili ya Conrad». Jina mara moja, mahali pake, linatosha; tukilitaja kila mstari, tutakuwa tumemfanya Erich aungame jambo ambalo hakuliungama.

Zoezi kwa msomaji: chukua ukurasa wowote wa Kifaransa wenye watu watatu, utafsiri, kisha umsomee jirani yako na umwulize nani anampenda nani. Akijibu haraka sana, rudi kwenye tafsiri yako.