MZAZI NA MWALIMU WASAIDIANE

Wahenga walisema: Jifya moja haliinjiki chungu. Na elimu ya mtoto ndivyo ilivyo. Mwalimu peke yake hatoshi, wala mzazi peke yake hatoshi.

Katika Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki wazazi hawana uvivu katika jambo la masomo. Wengi huuza kahawa, majani ya chai au viazi ili mtoto apate sare na vitabu. Lakini wako wanaodhani kwamba mtoto akiisha kuingia langoni mwa shule, kazi yao imekwisha. Hawaonekani tena shuleni mpaka waitwe kwa sababu ya kosa. Hapo ndipo penye hasara.

Wazee wa nchi hii hawakufanya hivyo. Katika miaka ya 1930 wazazi Wakikuyu walijenga shule zao wenyewe, wakatoa fedha za kuwalipa walimu. Nyingi zilifungwa baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, lakini fundisho lake halikufa: shule ni mali ya wazazi.

Tena, katika miaka ya 1940, huko Ihithe, kijana Nderitu alimwuliza mama yake kwa nini dada yake Wangari haendi shule. Mama akafikiri, akakubali. Mtoto huyo ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Yote hayo yalianza kwa neno moja la mama.

Basi mzazi afanye nini?

Kwanza, amwendee mwalimu mapema, mwanzo wa muhula, kabla ya matata. Amweleze tabia ya mtoto: kama haoni vizuri, kama ni mwoga, kama nyumbani kuna msiba. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kuyajua hayo asipoambiwa.

Pili, asimzuie mtoto kwenda shule siku ya soko au wakati wa kuchuma kahawa. Somo lililopotea leo huharibu la kesho.

Tatu, kila jioni ampe mtoto nafasi tulivu na taa, kisha amwambie aeleze aliyojifunza. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kusikiliza. Na mtoto anayeeleza hukumbuka.

Nne, asimfanyie mtoto kazi yake. Tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika katika madarasa ya kwanza nchini kote mwaka 2019, watoto hupewa kazi nyingi za mikono za kufanya nyumbani. Baba akiunda kigari usiku, mtoto akakipeleka asubuhi, mwalimu atapima ufundi wa baba, na mtoto atabaki mtupu. Mzazi atafute vifaa, aangalie, aulize. Mikono iwe ya mtoto.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anahudhuria shule, nayo yawapa wazazi chama chao na wajumbe katika halmashauri ya shule. Mkutano ukiitwa, mzazi asikose. Na akiwa na lalamiko, amweleze mwalimu kwa adabu, wala asimtukane mbele ya mtoto. Mtoto aliyesikia mwalimu wake akidharauliwa nyumbani hatamsikiliza darasani.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na walezi wake ni wawili.