Mteja akiulizia kidhibiti hewa, usikimbilie kutuma bei

Tuseme mteja wako Mamba Miamba ana stoo ya tangawizi, feni moja, mabomba mawili. Bomba la karibu na feni linapata hewa nyingi, la mbali linaambulia kidogo. Kidhibiti kinafungwa ndani ya lile la karibu. Kina kibati na springi: hewa ikisukuma kwa nguvu, kibati kinabana njia, nguvu ikipungua, springi inakirudisha. Hewa inayopita inabaki kiasi kilekile, bila umeme.

Ila jamani, hakiongezi hewa! Vingi vinataka msukumo kuanzia Paskali 50. Feni ikiwa dhaifu, mzigo unarudi toka mlimani mpaka Same mjini na nauli juu yako. Muulize kwanza: bomba lina upana gani, anataka hewa kiasi gani kwa saa, feni yake inasukuma Paskali ngapi?