Kompresa Inanguruma, Upepo Haujai: Fundi Anajibu

Kompresa ndogo ya umeme, yenye magurudumu na tangi la lita 24 au 50, utaikuta kwa mziba pancha, mpiga rangi na seremala. Inapogoma, wengi hukimbilia kufungua mashine kabla ya kutazama upepo unapita wapi.

Mota inavuma tu, haizunguki. Imeungua?

Pengine bado, ila izime haraka; mota ikivuma bila kuzunguka ndipo huungua. Toa upepo wote kwenye tangi, kisha washa. Ikizunguka, ujue kuna upepo uliokuwa umebanwa juu ya pistoni. Mashine nzima hutoa "psss" fupi kila inapojizima, kuachia upepo huo. Usipoisikia, anzia kwenye kidude cha kuachia upepo kilichopo kwenye swichi. Kama inavuma hata tangi likiwa tupu, tazama umeme. Ekstensheni ndefu na nyembamba hupunguza volti. Chomeka ukutani moja kwa moja. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa upepo, si waya. Ikigoma tena, mshukiwa ni kapasita. Mwachie fundi umeme, kwani hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Inanguruma bila kupumzika, lakini geji haifiki bar 8.

Ama upepo unavuja, ama hauingii wa kutosha. Safisha kwanza chujio la hewa. Vumbi la mbao huliziba upesi. Halafu paka povu la sabuni kwenye maungio yote, koki ya chini na mpira. Penye kutoa mapovu ndipo panapovuja. Kama hapavuji popote, kasoro iko ndani: vibati vya valvu, gasketi ya kichwa, au ringi za pistoni zilizolika.

Nikizima, upepo unavuja taratibu chini ya swichi.

Usinunue swichi. Upepo huo unarudi kutoka kwenye tangi kwa sababu valvu ya kuuzuia usirudi, pale bomba linapoingia tangini, haifungi. Mara nyingi ni uchafu tu. Chomoa umeme, toa upepo wote, ifungue na uisafishe. Kama mpira wake umelika, badilisha.

Rangi inatoka na matone ya maji.

Hapo mashine haina kosa. Hewa ina unyevu, hasa Pwani, na ikibanwa kisha ikapoa, unyevu hugeuka maji tangini. Fungua koki ya chini kila jioni mpaka utoke upepo mkavu. Mpiga rangi afunge pia chujio la maji, mbali kidogo na mashine, mahali upepo umeshapoa.

Tangi limetoboka kijitundu. Nichomelee?

Hapana. Kutu hulila tangi kwa ndani, na tundu moja ni dalili kwamba bati la hapo limekonda kote. Kwenye bar 8, kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 8. Bati bovu likipasuka linaua. Nunua tangi jipya, mota na kichwa vihamishwe. Na valvu ya usalama, ile yenye kipete, usiizibe hata ikivuja: vuta kipete mara kwa mara kuhakikisha haijaganda, na ikiharibika weka nyingine ya kiwango kilekile.